Kinywaji Anachokipenda Bjorn Jensen

Alhamisi iliyopita, mbele ya wakurugenzi wa kiwanda, binti mwanafunzi aliye kwenye atachimenti alifungua laptopu yake, akaandika mstari mmoja, na kabla sahani ya mandazi haijamaliza kuzunguka meza akatangaza kwamba seva ya saraka imeshasakinishwa. Akageuza skrini ili watu waone. Mwenyekiti, mzee ambaye husinzia mpaka ifike ajenda ya gharama, akafumbua macho yote mawili. "Kongoi, mama," akamshukuru. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe kijana wangu, tangu masika yaanze, umekuwa ukifanya nini kule chini?"

Kule chini ndiko kwenye chumba cha seva, kilichokuwa stoo ya magunia ya karatasi. Na kule chini, saa ile ile, seva yangu ya saraka ilikuwa ikifanya kazi. Binti aliombwa tu atoe mfano wakati faili langu la maelezo likihangaika na projekta. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maelezo ya kutosha kuwafikisha mpaka chakula cha mchana. Meneja akasema, "Tuendelee." Kumbukumbu za mkutano nimezisoma mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya, na zinasema hivi: "Idara ya TEHAMA: kazi imekamilishwa na mwanafunzi."

Basi maelezo ambayo wakurugenzi hawakuyataka, wewe utayapata yote.

Katika kiwanda chetu cha chai hapa Kericho (jina silitaji, mshahara wa mwezi huu bado haujaingia) kila programu ilikuwa na orodha yake ya watu na nenosiri lake. Mizani ya kupokelea majani ilikuwa na lake, malipo ya wachumaji lake, ghala lake, barua pepe lake. Karani alikuwa na manenosiri manne, yote kayaandika kwenye kikaratasi cha manjano kilichobandikwa chini ya kibodi. Karani mwingine alikwishaacha kazi akaenda Qatar, lakini kama angetamani kutusaidia kupima majani akiwa Doha, mfumo ungemkaribisha kwa jina. Saraka huondoa mambo hayo. Watu wote huandikwa mahali pamoja, na kila programu, badala ya kujiwekea daftari lake, huiuliza saraka: huyu anayejiita fulani, ndiye kweli? Saraka hujibu ndiye au siye, na kazi inaendelea.

Utamu wake uko katika namna inavyowapanga watu. Haitumii jedwali, inatumia mti. Juu kabisa kuna ke, chini yake co, chini yake kiwanda, kisha matawi: watumishi, vikundi, mashine. Jina kamili la mtu ni njia nzima kutoka aliko mpaka kule juu. Hapa kwetu jambo hilo si dogo. Wakipsigis humpa mtoto jina kwa kufuata saa aliyozaliwa au hali iliyokuwapo, kwa hiyo kiwanda kimoja huweza kuwa na akina Kiplangat wa kuunda timu ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba. Saraka haishtuki. Madhali njia zao kwenye mti zinatofautiana, kila Kiplangat atalipwa za kwake.

Wazo lenyewe ni la watu wa simu. Mwaka 1988 kilitolewa kiwango cha kimataifa kiitwacho X.500, na ndoto yake ilikuwa kitabu kimoja cha simu cha dunia nzima. Ndoto ilikuwa nzito mno. Kompyuta iliyotaka kuuliza namba ya mtu mmoja ilibidi ibebe rundo la itifaki ambazo mashine ndogo za siku zile hazikuziweza. Mwaka 1993 Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na Steve Kille na Wengyik Yeong, wakaandika itifaki nyepesi inayopita juu ya mtandao wa kawaida. Hiyo ndiyo LDAP. Mwaka 1998 Kurt Zeilenga na wenzake wakauchukua msimbo uliotoka Michigan wakaanzisha mradi wa OpenLDAP, ambao kila mtu anaruhusiwa kuuchukua, kuusoma na kuutumia bure.

Meneja alilipenda hilo neno la mwisho. Programu za kulipia za aina hii hutoza leseni kwa kila kichwa, tena kwa dola. Chai yetu nayo huuzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa, ila mahali fulani kati ya Mombasa na Kericho dola hizo hugeuka shilingi, na zikifika kwenye mshahara wangu huwa zimegeuka subira.

Sasa, kwa nini nisiandike mstari mmoja kama yule binti? Kwa sababu laptopu yake ina Ubuntu, na Ubuntu huja na OpenLDAP iliyokwisha kuandaliwa. Seva ya kiwanda ina mfumo wa wakubwa fulani ambao, katika toleo lao la 2019, waliamua kuitoa seva ya OpenLDAP na kubakiza zana za mteja peke yake. Yaani unaruhusiwa kuiuliza saraka ya mwenzako, ila ya kwako utajijua. Jambo hili lilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa maelezo yangu. Mwenyekiti hakuuona hata ule wa kwanza.

Ikabaki njia ya msimbo chanzo, na mtu wa Kericho hahitaji kueleweshwa sana. Msimbo chanzo ni majani mabichi. Yamechumwa vizuri, majani mawili na chipukizi, na mwenye macho anaweza kuyasifu, lakini huwezi kuyamimina kikombeni. Lazima yanyaushwe, yasagwe, yachachushwe, yakaushwe, yachekechwe, na kutoka kilo nne na nusu hivi unapata kilo moja nyeusi inayofanya kazi. Kiwandani shughuli hiyo ina watu wa zamu, mafundi, boila na mtu wa kuonja. Kule chini nilikuwa mimi na ndoo ya kukingia maji yanayovuja.

Hatua ya kwanza inaitwa configure, na tangu niione sijapona. Ni skripti inayoihoji mashine mamia ya maswali. Una kompaila ya C? Inafanya kazi kweli? Faili fulani la maktaba unalo? Na haiamini jibu la mdomo. Kwa kila swali huandika programu ya mistari michache, hujaribu kuikompaili, ikikubali huandika ndiyo, ikigoma huandika hapana, kisha huifuta programu hiyo na kwenda swali linalofuata, bila kuchoka wala kupandisha sauti. Ilizaliwa miaka ambayo kila kampuni ilikuwa na Unix yake na kila Unix ilikuwa na ukaidi wake, kwa hiyo njia pekee ya kujua mashine inaweza nini ilikuwa kuijaribu. Mpaka leo configure ya OpenLDAP huuliza kama mashine inatumia EBCDIC, mpangilio wa herufi ulioingia na kompyuta za IBM System/360 mwaka 1964, mwaka ule ule Kenya ilipounda mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Seva yetu ilinunuliwa ikiwa mtumba, lakini si mtumba wa kiasi hicho. Ikajibu hapana. Na configure ikimaliza kuhoji haitoi amri, inaomba: tafadhali endesha make depend. Katika kiwanda hiki hakuna mwingine aliyewahi kuniambia tafadhali.

Nikaendesha make depend, kisha make yenyewe, mida ya saa nane mchana. Hapo ndipo anga ya Kericho ilipoingilia. Hii ni mojawapo ya sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na mawe yetu hushika saa kuliko matatu za kwenda Litein. Mabati yakalia mpaka nikashindwa kujisikia nikilaani. Stima ikapotea. Jenereta ikanguruma, lakini jenereta ina orodha yake, na juu kabisa kwenye orodha hiyo ni feni za kunyausha, kwa sababu majani yaliyolala bila hewa hupata joto yakaharibika, na chai iliyoharibika ni hasara ya mchana mmoja. Zinafuata mashine za kusaga, kisha vikaushio, taa, geti. Chumba cha seva kinakuja baada ya geti. UPS tunayo. Hulia kidogo, halafu hunyamaza pamoja na vingine vyote.

Sikuhofu, kwa sababu make ina akili ambayo bado inanishangaza. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976 na msingi wake ni saa tu. Huangalia faili la msimbo na faili lililotokana nalo, na kama lililotokana ndilo jipya zaidi, hulipita. Kama la msimbo ndilo jipya, hulikompaili upya. Stima ikikatika katikati, ikirudi make huendelea ilipoishia. Haiulizi mtu na haihitaji kukumbuka lolote, tarehe zinaitosha.

Stima ikarudi. Seva ikaamka ikiamini kabisa kwamba ni tarehe mosi Januari ya mwaka ambao mimi nilikuwa bado shuleni.

Betri ya saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa. Sasa fikiria make iko katika hali gani. Msimbo una tarehe yake ya kweli. Kila faili linalozalishwa sasa linapata tarehe ya kale. Make inaangalia, inaona kilichozalishwa ni cha zamani kuliko kilichokizaa, inakompaili upya. Nikiiendesha tena, bado cha zamani. Inakompaili upya. Wakati huo huo inanionya kwa upole kwamba kuna mafaili yaliyobadilishwa siku zijazo, kwamba saa inaonekana kwenda mrama, na kwamba huenda kazi isikamilike. Nilikaa nikiitazama ikifanya kazi kwa bidii ya ajabu, na hakuna kilichokuwa kikisonga mbele. Utaniuliza kwa nini saa haikujirekebisha kupitia mtandao. Mtandao wetu hupita kwenye swichi iliyo ofisi ya mauzo, na ofisi ya mauzo hufungwa saa kumi na kuzimwa ukutani ili kubana gharama za stima.

Betri yenyewe ni CR2032, bapa, ndogo kuliko kifungo cha koti. Idara ya manunuzi ikasema haiwezi kununua kitu bila nukuu tatu za bei. Nikapanda matatu hadi Kericho mjini, kwa fundi wa saa anayekaa kwenye kibaraza karibu na stendi, kijilenzi jichoni, meza yake imejaa saa zinazotofautiana kuhusu wakati.

"Ya saa gani hii?" akaniuliza.

"Ya seva, mzee."

"Ina mishale?"

"Haina."

"Basi inajuaje saa?"

Nikamwambia hilo ndilo tatizo hasa. Akatoa betri, akaigusisha ncha ya ulimi, akatikisa kichwa, akairudisha droo. Akachukua nyingine, akaionja, akakaa kimya kidogo, akaniwekea mkononi. Nilipomweleza habari ya nukuu tatu hakushangaa hata kidogo. Akaandika ya kwanza mwenyewe, akampa jirani yake mshona viatu aandike ya pili, na mama wa ndizi akaandika ya tatu. Ya mama wa ndizi ndiyo ilikuwa ghali kuliko zote, na aliitetea: yeye, alisema, huuza kitu kikiwa kimeiva.

Yaliyofuata ni madogo. Bando liliisha katikati ya kupakua maktaba ya TLS. Make ilifika mpaka folda ya mwisho kabisa, ile ya nyaraka, ikagoma kwa kukosa soelim, kiprogramu cha kuandaa kurasa za mwongozo ambazo hakuna mtu kiwandani angezisoma. Panya alikula waya.

Kisha make test. Kabla ya kusakinisha, OpenLDAP hujipima kwa mfululizo wa majaribio, na jaribio baada ya jaribio husema kwamba inasubiri sekunde tano seva iamke. Nikawa na muda wa kuyasoma mafaili ya majaribio. Ndani yake kuna kampuni nzima ya watu wa kubuni wenye anwani za Ann Arbor, Michigan, waliobaki humo tangu enzi za chuo kikuu. Kuna Barbara Jensen, ambaye cheo chake ni meneja wa kufikirika, na ambaye hunywa maji. Kuna James Jones, mtafiti wa ng'ombe wazimu katika chama cha wahitimu. Na kuna Bjorn Jensen, mkurugenzi, mpenda milima na baiskeli, ambaye kinywaji anachokipenda ni chai ya barafu.

Nilisoma mara mbili. Juu ya kichwa changu vikaushio vilikuwa vinanguruma, harufu ya chai mbichi ikishuka ngazi, na mtu wa Michigan ambaye hajawahi kuwepo ananiambia anaipenda ikiwa baridi.

Si mzaha wa mtu mmoja. Kinywaji anachokipenda mtu ni sehemu rasmi ya mpangilio wa kimataifa wa saraka tangu 1991. Kuna kamati iliyokaa ikaona kwamba kitabu cha watu wa dunia hakitakamilika bila hilo. Tena mtu anaruhusiwa kuwa na vinywaji kadhaa. Mtu anaweza kukosa simu, kukosa barua pepe, kukosa hata nenosiri, saraka ikampokea. Asichoweza kukosa ni jina la ukoo. Mzee wetu mmoja wa boila ana jina moja tu kwenye faili zote za kiwanda, na halijawahi kumpungukia. Ikabidi nimwandikie mara mbili, mzee fulani wa ukoo wa fulani yuleyule, kwa sababu wenye mpango hawakumfikiria. Bjorn walimfikiria mpaka na barafu yake.

Kwa hasira hiyo nikajaza kinywaji cha kila mtumishi: chai ya maziwa. Mhasibu akaja kulalamika kwamba yeye ni wa maziwa ya mursik. Nikaongeza. Saraka ilikubali bila neno.

Tabia zake nyingine ni za kuzoeleka. Hitilafu namba 49 hutokea ukikosea nenosiri, na hutokea vilevile kama jina uliloandika halipo kabisa duniani. Ni makusudi, ili mvamizi asijue jina lipi ni la kweli. Kwa usalama ni busara, ila kwa msimamizi saa tano za usiku ni dharau. Namba 53 ndiyo ninayoiheshimu. Hiyo seva hukwambia kwamba haina nia ya kutekeleza ulichoomba. Kuweza inaweza, nia tu ndiyo haipo.

Ijumaa, siku moja baada ya mkutano, seva yangu ilipata kazi yake ya kwanza ya maana. Meneja alikuwa ameagiza tangu mwanzo kwamba niwaingize watu wote, wakiwemo wachumaji wa shamba, ili hesabu ya watumishi iwe moja. Wachumaji hawana nenosiri, kwa kuwa hawana kompyuta ya kuingia. Niliwaingiza mmoja mmoja: jina, ukoo, namba, chai ya maziwa. Ofisi ya utumishi ikaniletea orodha ya wachumaji wa kuondoa. Mashine mpya ya kuchuma inaendeshwa na watu wachache na inafagia kichaka kizima kabla mchumaji hajajaza kapu.

Wasomaji wa huku hawahitaji kukumbushwa. Mei 2023 mashine za namna hiyo zilichomwa moto Kericho, na kamati iliyoundwa na serikali ya kaunti ilikadiria kwamba Kericho peke yake imepoteza ajira 30,000 katika miaka kumi. Wakati ule nilikuwa upande wa wale wanaosema maendeleo hayazuiliki. Ni rahisi kusema hivyo wakati orodha bado haijawekwa juu ya meza yako.

Amri ni ldapdelete. Unaipa faili lenye majina, inafuta. Haiulizi kama una hakika. Ikifaulu haisemi lolote, hata herufi moja, inakurudishia tu nafasi ya kuandika amri nyingine. Nilisubiri namba 53. Kwa kazi hii seva ilikuwa na nia.

Mchana mkuu wa utumishi akanipigia, akataka kujua kama itawezekana kuwarudisha ikiwa msimu utakuwa mzuri. Nikamwambia inawezekana. Kabla ya kufuta nilitoa nakala yao wote kwa ldapsearch, amri ya kuwarejesha ni ldapadd, na faili ninalo.